Makumbi ya Miezi Miwili

Mtu mzima na akili zake hawezi kulipwa kwa kupima matope. Ndivyo tulivyoamini Gazi, miaka ya hamsini, mzungu mmoja alipokuja kuchomeka vigingi kati ya mikoko. Tulisema anapima ardhi atunyang'anye. Mimi nilikuwa nimetoka shule Mombasa karibuni, akanitaka nimsaidie. Nikakubali ili nimchunguze. Siku ya kwanza, alipokwenda kuoga baharini, nilifungua sanduku lake nikitafuta ramani. Nikakuta kaa waliokufa, ndani ya chupa za spiriti.

Sikutosheka. Nilimpeleleza mwezi mzima, mpaka siku nilipomwona kaa mwekundu akiburuta jani la mkoko na kuingia nalo shimoni. Nikalala kifudifudi matopeni kumngoja atoke, nikasahau hata kula. Tangu hapo niliipenda kazi ile, na niliona haya kuipenda. Mzungu akaniambia nikimletea uchunguzi wangu mwenyewe, wa kweli, ataniombea nafasi chuoni.

Nikachagua mashimo ya makumbi. Wanawake wetu hufukia makumbi ya nazi katika matope ya mikokoni mpaka yalainike, kisha huyapiga wapate usumba wa kusokota kamba. Kando ya mashimo yale kaa walikuwa wachache, na nilitaka kuandika makumbi hukaa humo muda gani.

Mama yangu alikuwa kazini na wenzake, matope magotini. Mmoja aliponiona akanong'ona, "Kikulacho ki nguoni mwako." Nikajifanya sikusikia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nikamwuliza swali langu.

"Wataka kujua wewe, au ataka kujua yeye?"

"Mimi, mama."

Akaitazama kalamu yangu. "Miezi miwili."

Wenzake wakainama, kila mmoja akajishughulisha. Makumbi ya miezi miwili hayapigiki! Nimeyabeba kichwani tangu utotoni, najua hukaa nusu mwaka na zaidi. Niliona uchungu, na hasira juu yake: mama yangu mzazi kunidanganya kama karani wa serikali. Lakini hofu yake niliielewa. Serikali ikisikia matope yanaharibiwa muda wote huo, itapiga marufuku, na kamba zile ndizo zilizotulisha na kutuvisha.

Nikaandika: miezi miwili. Uchunguzi wa uongo haukunipeleka popote. Chuo nilikipata miaka mingi baadaye, kwa kazi nyingine.

"Nisomee ulichoandika," mama akasema. Yeye alisoma herufi za Kiarabu tu.

Nikamsomea polepole, neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia ahsante. Kisha akamwita mke wa jirani, aliyesoma shule, aje alishike daftari asome yeye.