Ukuta Wetu na Mama Bhoke

Ngo, ngo, ngo. Hadi leo nikisikia mtu anagonga ukuta, natoka nje. Ndivyo mgambo walivyoingia kwenye safu yetu ya nyumba, Musoma mjini, miaka ile ya foleni za bidhaa na msako wa wahujumu uchumi. Waligonga kuta kwa rungu wakitafuta penye uwazi, maana huko ndiko watu walikoficha bidhaa. Nyumba zile zilijengwa zamani na wafanyabiashara wa Kihindi: zimebanana, paa moja, ukuta mmoja kwa majirani wawili. Jirani akikohoa, sisi tunampa pole. Upande wa pili wa ukuta wetu aliishi Mama Bhoke, mjane muuza sangara wa kukaanga, na mara nyingi uji wetu ulipata sukari kwa mkono wake. Aliitoa wapi? Nani aulize!

Chumbani kwetu rungu likalia kama kwenye debe tupu.

"Mzee, umeficha nini humu?"

"Sijaficha kitu. Nyumba tuliikutaga hivi hivi," Baba alisema.

"Bomoa!"

Sururu ikapigwa. Ikadondoka chokaa ya kijani tuliyoizoea, chini yake ya bluu, chini zaidi nyeupe ya wenyewe wa kwanza, kisha matofali, na nyuma yake fremu ya mlango. Kumbe zamani nyumba hizi mbili zilikuwa za familia moja, wakipitiana ndani kwa ndani! Upande wetu mlango ulizibwa kwa matofali; upande wa Mama Bhoke ulifunikwa ubao tu. Na katikati, jamani, magunia mawili ya sukari.

Wakamkamata Baba. Mama aliutazama ule ubao, akafungua mdomo. Baba akamtikisia kichwa: usiseme. Nilimchukia siku ile, nasema kweli. Walishamfunga kamba mikononi ubao uliposukumwa kutoka ng'ambo, na Mama Bhoke akatokea, mikono imejaa mafuta ya samaki.

"Mwacheni baba wa watu," alisema. "Ni yangu."

Wakamfungua Baba, wakamchukua yeye. Mama alilia mpaka sauti ikamkauka. Serikali ilipokuja kuruhusu biashara huria, nyumba ya Mama Bhoke iliuzwa, na sasa ni duka la jumla. Magunia ya sukari yamepangwa mpaka barazani, mchana kweupe, watu wanayaegemea wakipiga soga. Mama Bhoke alifia gerezani kwa magunia mawili.