Kalamu kwenye Meno, Baba Mkwe Uani

Nilisoma saikolojia chuoni Iringa, nikiwa nimepanga chumba Kihesa, na kilichobaki kichwani ni ubishi wa wataalamu wawili. Mmoja anadai mwili ndio unaotangulia: hatutabasamu kwa sababu tumefurahi, tunafurahi kwa sababu tumetabasamu. Mwingine anasema hapana, kinachokufurahisha au kukuudhi ni maana unayolipatia jambo. Nilimpenda wa kwanza, maana hakunitaka nifikiri.

Basi nikaolewa na Mnyakyusa, tukahamia Iyunga, Mbeya. Jumamosi moja akawaambia wageni wake kwamba ndizi zangu si mbaya, ila za mama yake huwa zinaiva. Mimi ni Mhehe, nikakasirika Kihehe, hasira isiyopoa. Siku tatu sikumsemesha, naye akawa anakula kimya na kwenda kulala, nikaamini hajali hata kidogo. Nikafunga begi nirudi kwetu.

Asubuhi ya safari nikaona nijaribu elimu yangu kwanza. Nikabana kalamu kwa meno ili mashavu yapande, nikakaa uani kumenya ndizi nikisubiri furaha. Yalikuja mate tu.

Mara nikasikia hodi: baba mkwe, kutoka Tukuyu. Kwa Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Ukisikia sauti yake, unapisha. Mlango wa nyumba ulikuwa upande wake, kwa hiyo nikatumbukia kwenye banda la kuku, kalamu bado mdomoni.

Mzee akaketi uani, mume wangu akamletea chai. Mimi nimechuchumaa, jogoo ananikagua kuanzia miguuni. Tabasamu ninalo, hasira ninayo. Yule mtaalamu wa kwanza nilimkana humo bandani.

Mzee alikwishaona kanga yangu imenasa mlangoni mwa banda, ila haruhusiwi kunisemesha, akaligeukia banda.

"Nyie kuku," akasema, "mwambieni mkamwana wangu, huyu kijana kanipigia simu jana analia. Anasema mke anaondoka, na yeye hajui kuomba msamaha kunaanzia wapi. Halafu ndizi za mama yake nimezila miaka arobaini. Hazijawahi kuiva."

"Baba, hilo la kulia ungeliacha," mume wangu akanong'ona.

Kalamu ikaniponyoka. Ukimya wake wa siku tatu, ambao mimi niliuita dharau, kumbe ulikuwa woga. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Nilitaka kutoka nimkumbatie palepale, lakini baba mkwe alikuwa ameomba kikombe cha pili.