Joho la Babu na Wenzake wa Xintang

Kilwa tulitaka kuigiza enzi za masultani wa kale. Waigizaji tulikuwa nao, mavazi hatukuwa nayo. Mama akanipa joho la marehemu baba yake liwe mfano, pamoja na kiraka alichokishona mwenyewe begani. "Lirudi," akasema. "Sina kitu kingine chake."

Nikasafiri nalo hadi China kushonesha mengine kama hilo. Guangzhou nilipokelewa na Mama Neema, mfanyabiashara wa Mbeya aliyepanga mtaa wa Sanyuanli. Ulikuwa mwaka wa michezo ya Olimpiki ya Beijing, msako wa pasipoti umepamba moto, na viza yake ilikuwa imekwisha. Kila kona alinitanguliza mimi nichungulie. Mimi, mgeni nisiyejua polisi yupi, mlinzi wa duka yupi!

Zhanxi, kwenye maduka ya jumla, joho liligeuzwageuzwa kama samaki mnadani. "Meiyou," wakasema wote, yaani hakuna. Mmoja akaniletea joho la mahafali na kofia yake. Mwishowe tukaelekezwa kwenye viwanda vya jinzi.

Huko Xintang, mwenye karakana, mama mchangamfu, alilipapasa joho akasema maneno mengi.

"Laoban anauliza unataka la namna gani," Mama Neema akatafsiri.

"Mwambie bosi sawasawa na hili. Mtu asione tofauti!"

Siku ya kuchukua mzigo nilibaki mdomo wazi. Kumbe kazi yao ni kuchakaza jinzi mpya zionekane kuukuu! Majoho yote yalikuwa yamepauka kama la babu, na kila moja lina kiraka begani. Kabla sijauliza la babu ni lipi, nje pakapigwa kelele: polisi! Mlango wa chuma ukashushwa, mafundi wakasokomeza majoho yote, na la babu humo humo, kwenye mfuko mmoja mkubwa wa shangazi kaja. Mama Neema akanivuta, mimi na mfuko wangu, kupitia mlango wa nyuma.

"Kimbia, mdogo wangu! Utachambua mbele ya safari!"

Sanyuanli nilichambua hadi macho yakauma. Nikanusa kutafuta udi wa nyumbani. Yote yalinuka dawa ya kiwanda. Nilitamani kulia. Hapo nilijifunza kwamba fundi hodari ukimwomba sawasawa, atakupa.

"Usihangaike," Mama Neema akasema. "Mwenye kiraka chake atakijua."

Kilwa maigizo yalifana, wazee wakasifu hadi viraka. Kesho yake nikayatandaza majoho kitandani, nikamweleza mama ukweli. Aliyapapasa moja moja. Kisha akachukua moja, akalikunja.

"Ndilo lenyewe, mama?"

"Sijui, mwanangu," akasema. "Lakini baba yangu hawezi kukaa bila joho."