Nilipofika Msibani na Jembe

Kosa langu la kwanza Nairobi lilikuwa kufika msibani na jembe begani.

Nilikuwa na miezi michache tu katika mtaa wa Jericho, nimetoka Pangani ya pwani ya Tanzania kabla mpaka wa Kenya na Tanzania haujafungwa. Nilitengeneza redio, ufundi niliojifundisha mwenyewe kwa kufungua mbovu na kuzirudia mpaka zikaongea. Watu nao nilitaka kuwajua vivyo hivyo, nisikosee hata skrubu moja. Kila asubuhi kabla ya kutoka nilijipangia moyoni nitamwamkia nani, na kwa maneno gani. Nilikaa chumba cha nyuma kwa karani mmoja wa reli, mtu wa magharibi ya Kenya, aliyenipokea bila kuniuliza mengi. Sikuwa na mtu mwingine mjini.

Asubuhi moja tukasikia baba yake huyo karani amefariki hospitalini. Kwetu Pangani, aliyekufa alfajiri huzikwa kabla ya alasiri, na jirani anayengoja kuitwa ni jirani mbaya. Basi nikafunga kibanda changu cha redio, nikaazima jembe kwa mama mmoja aliyelima sukuma wiki kando ya mto, nikakunja suruali, nikarudi kwa karani.

Nje ya nyumba wanaume walikuwa wamekaa kwenye viti vya kuazima, wanakunywa chai. Chai! Nikamshika mkono karani, mwenye nyumba wangu, nikampa pole, kisha nikauliza kwa sauti niliyodhani ina heshima, "Baba, makaburi yako upande gani? Tunazika saa ngapi?"

Akanitazama, akalitazama jembe, akaingia ndani.

Dada yake hakuwa mtu wa kunyamaza. "Ati saa ngapi? Kwani baba yangu alikukosea nini, kijana, unataka kumfukia haraka hivyo?"

Mzee mmoja akadakia, "Mwache. Huyu Mtanzania tukisinzia hapa atatufukia sote kabla ya chakula cha mchana."

Wakacheka. Mimi nilichutama karibu na ukuta, nikiliona tayari godoro langu limetupwa nje. Nilijua chumba kimekwisha, na pamoja nacho mtu pekee aliyenijali katika mji ule.

Baada ya muda mwenye nyumba akatoka, akavuta kiti karibu nami.

"Kweli kwenu mnazika siku hiyo hiyo?"

"Ndiyo, baba."

"Na watoto walio mbali?"

"Wanakuta kaburi. Wanaomba dua pale."

Akatikisa kichwa polepole. "Sisi hatuwezi. Mzee anangoja watoto wake wote wafike, halafu tunampeleka nyumbani, wiki ijayo Mungu akipenda. Hapa Nairobi tumekuja kazini tu. Nani anazikwa kazini?"

Nikaanza kuomba radhi, maneno yakigongana. Akanikatiza.

"Na jembe umelitoa wapi?"

"Nimeazima kule mtoni."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, na kweli machozi yalikuwepo, lakini alikuwa anacheka. Akamwita dada yake. "Tangu asubuhi watu wanauliza chai iko wapi. Huyu peke yake ndiye ameuliza kazi."

"Basi mpe chai," dada akajibu, "asije akaanza kuchimba hapa mlangoni."

Nikapewa kikombe, nikapewa na kiti. Nilipumua kama mtu aliyetua gunia. Wiki nzima ile nilikaa nao kila jioni wakingoja ndugu wa mbali. Sikufanya lolote la maana, na hakuna aliyetaka kwangu zaidi ya kukaa.

Tangu hapo niliacha kujifunza watu kimyakimya, peke yangu. Nikifika mahali pageni nauliza mapema, hata kama swali ni la kijinga, na wakinicheka nacheka nao.