Tundu la Hewa Katika Chumba cha Mtoto

Siku yangu ya kwanza kazini, Sardar hakunipa spana. Alinisimamisha mbele ya hita ya gesi katika karakana yetu ya River Road, akafunga dirisha, akaniuliza moto ule unakula nini. Nikajibu gesi.

"Gesi na hewa," akasema. "Hewa ya chumba nakwisha, wewe pia nakwisha."

Alikuwa msimamizi wetu, Kalasinga mwenye sauti ya kukwaruza na moyo laini kuliko alivyopenda ijulikane. Nilimpenda, nasema wazi. Alinifundisha kutoboa ukuta na kutia matofali ya matundu, moja karibu na sakafu, jingine chini ya dari, ili hewa mpya iingie na chafu itoke. Hita zile hazikuwa na bomba la moshi. Chumba kikizibwa, hita hutoa sumu isiyo na harufu, nayo humlaza mtu asiamke. Siku hizi haziruhusiwi katika chumba cha kulala, na ni vizuri.

Julai moja ya miaka ya hamsini nilipeleka mtungi wa gesi kwenye nyumba ya Wazungu, Westlands. Yaya wao, Rhoda, mama wa Machakos, alinifungulia mlango huku ameshikilia ukuta. Kizunguzungu kile alidhani ni malaria. Chumbani kwa mtoto nikakuta hita inawaka, matundu yote mawili yamezibwa, la juu kwa magazeti, la chini kwa blanketi. Nilizima gesi, nikafungua madirisha, tukamtoa mtoto uani. Akalia. Sijawahi kufurahia kilio namna ile.

"Upepo ulikuwa unampiga kichwani," Rhoda akasema. "Usimwambie memsahib, ndugu yangu. Atanifuta, na kwetu wote wananitegemea mimi."

Nilimwambia Sardar, maana jambo lile halikuwa la kunyamaziwa. Alikuja mwenyewe, akajilaza sakafuni kando ya kitanda cha mtoto, mtu mzima na kilemba chake.

"Baridi kweli," akasema. "Hapa mimi naweka tundu mbaya."

Memsahib aliporudi, Sardar akamweleza hatari iliyokuwapo.

"Nani aliziba?"

"Kosa yangu, memsahib. Mimi naweka mbaya."

Akamuuliza tena na tena, jibu likawa lile lile mpaka akachoka. Kesho yake meneja alimkaripia Sardar mbele yetu sote, naye hakumtaja Rhoda. Tukarudi kuhamisha tundu la chini hadi ukuta wa pili, nyuma ya hita.

Sasa nimestaafu, nakaa Kinoo. Nilipokuwa msimamizi nami nililala kwenye sakafu nyingi za watu kabla ya kutoboa ukuta, vijana wakinicheka. Wacha wacheke. Mimi humkumbuka Rhoda siku tuliyomaliza kazi ile. Aliwasha hita, akapitisha kiganja juu ya kitanda akiutafuta upepo, asiupate. Kisha akalichukua blanketi lile, akalikung'uta vizuri, akamfunika nalo mtoto.