Bendera ya Njano ya Vidosava

Vidosava wa Užice, mji wa Serbia, alikuwa mwoka mikate siku za kazi na mwamuzi wa riadha siku za mapumziko, na kote kuwili hakuwa mtu wa mzaha. Kituo chake uwanjani kilikuwa kwenye kona. Akiona mwanariadha amekanyaga mstari wa ndani wa njia yake, huinua bendera ya njano, na yaliyobaki ni ya mwamuzi mkuu. Wazazi wa wanariadha walikuwa wakimletea chokoleti kabla ya mbio, naye akiwarudishia mbele ya watu, jambo ambalo wengi waliliona ni kiburi. Nchi yenyewe ndivyo ilivyo. Hupati kitanda cha hospitali bila kujuana na mtu, hata fundi wa bomba haji mpaka shangazi yako ampigie simu, halafu anatokea mwanamke mmoja anakataa chokoleti. Lazima asemwe.

Hakuwa na mtoto wa kumzaa. Alikuwa na Iskra, binti wa jirani yake Tihomir, ambaye yeye Vidosava ndiye aliyemsimamia ubatizo. Kwetu udugu huo ni mzito kuliko wa damu. Mzazi wa ubatizo ndiye mwenye haki ya kutoa jina, kwa hiyo jina la Iskra lilitoka mdomoni mwa Vidosava. Ndiye pia aliyempeleka uwanjani kwa mara ya kwanza, akamfunga kamba za viatu.

Iskra alipofika fainali ya taifa ya vijana, mita mia mbili, mshindi akiwa ndiye wa kwenda mashindano ya Balkani, Vidosava alimwendea mwamuzi mkuu asubuhi ile.

"Yule wa njia ya nne ni mtoto wangu wa ubatizo. Niweke pengine."

"Vida, Serbia nzima ni ndugu," akajibu yule bwana huku akicheka. "Nikianza kuwahamisha wenye ndugu, nitabaki na paka wa uwanja. Nenda kwenye kona yako."

Akaenda. Bastola ikalia, wasichana wakaja. Iskra alikuwa anapaa, na katikati ya kona mguu wake wa kushoto ukakanyaga chokaa ya mstari wa ndani, na wa kulia nao ukafuata. Vidosava aliona wazi. Moyo ulimuuma, na mkono ukainuka.

Iskra alimaliza wa kwanza, akajifunika bendera ya klabu, akapigwa picha. Kisha jina lake likafutwa ubaoni na ushindi akapewa msichana wa njia ya tano. Tihomir alimsubiri Vidosava langoni.

"Dada Vida, ungefumba jicho moja tu. Moja. Nani angejua?"

"Mimi."

"Basi kaa na wewe mwenyewe," akasema Tihomir, akageuka.

Mjini walimsifu. Waliokuwa wakimsengenya kwa chokoleti sasa walikuja kununua mkate ili wamwambie kwamba wangekuwapo kumi kama yeye, nchi ingenyooka. Vidosava aliwapimia mkate wao tu, lakini nisifiche, sifa zile zilimsaidia kulala. Iskra hakuja tena dukani.

Ikafika Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Nikola, ambayo ndiyo slava, yaani siku ya mtakatifu mlinzi, ya nyumba ya Tihomir. Siku ya slava mtu haalikwi. Mwenye nyumba huacha mlango wazi na anayejua kwamba ni mtu wa nyumba hiyo huja, kwa hiyo Tihomir hakuwa na namna ya kumnyima mwaliko. Shauri lilikuwa la Vidosava mwenyewe. Alivaa koti lake zuri, akabeba chupa ya rakija, ile pombe kali ya matunda, akavuka barabara kwa hofu kubwa kuliko aliyowahi kuwa nayo uwanjani.

Walimpa ngano tamu iliyochemshwa, kama desturi inavyotaka, wakamkalisha kwenye kiti chake cha siku zote. Mezani kulikuwa na samaki na maharagwe. Gvozden, mjomba wa Iskra, alikuwa ameshakunywa kidogo.

"Dada Vida, angalia usikanyage zulia. Lina mstari pembeni, wasije wakakutoa."

Watu wakacheka, wengine kwa kuona haya.

"Mjomba, acha," akasema Iskra. "Nilikanyaga. Sijawahi kusema sikukanyaga." Kisha akamgeukia Vidosava, mara ya kwanza tangu kiangazi. "Ila wa njia ya tano, Mama. Kwa nini ulimwacha?"

"Kumwacha vipi?"

"Alikanyaga kabla yangu. Alikuwa mbele yangu, kwenye mstari ulio kati yetu, kiatu kizima, na si mara moja. Nilipotolewa, nilisimama pale nikingoja watangaze jina lake pia."

Vuli nzima Vidosava alikuwa akiirudia kona ile kichwani, na kila alipoirudia ilikuwa na msichana mmoja tu. Wakimbiaji walikuwa wanane.

"Sikumwona," akasema.

"Alikuwa mbele ya macho yako."

"Macho yangu yalikuwa kwako, mwanangu. Tangu bastola ilipolia. Niliogopa watu watasema nimekubeba, nikakutazama wewe tu, miguu yako tu, mpaka ukakosea."

Gvozden aliweka glasi chini.

"Kwa hiyo ningekuwa mtoto wa mtu mwingine?" akauliza Iskra.

"Labda ningewaona wote wawili. Labda nisingemwona yeyote." Vidosava alijifuta mdomo kwa kitambaa. "Basi ni kweli nilimbeba mtu siku ile. Nilimbeba yule nisiyemjua."

Iskra hakuwa amelia uwanjani wala nyumbani, miezi yote ile. Sasa aliweka uma mezani, akalia mbele ya wageni.