Mabua Ambayo Painem Hakuyalima

Kila asubuhi, kabla hajawasha jiko, Painem alishuka jarubani, akainama na kulipiga shina la mpunga kwa kiganja. Kisha alitazama kilichoanguka majini: wereng, vidudu vya kahawia, vidogo kuliko punje ya mchele. Wenye mabawa mafupi ni wanene, hawaruki. Hukaa chini shinani, kunyonya na kuzaa. Chakula kikipungua ndipo huzaliwa wenye mabawa marefu, yanayong'aa kama ganda la kitunguu. Hao huhama.

Mumewe alipofariki, shemeji yake Darso alilichukua jaruba kubwa la mferejini. "Ardhi ya kaka hurudi kwa ndugu," alisema, udongo wa kaburi ungali mbichi. Painem akaachiwa kipande chembamba kilichopakana nalo.

Pale kijijini, mavuno yakiisha, wote hulima mabua kwa pamoja ili wereng wafe njaa. Safari hii Painem hakulima. Mabua yake yakachipua.

"Yu Painem, trekta imeshapita kwa wote," alisema jirani yake Sutinah, aliyezoea kumwita Yu, yaani dada. "Wewe je?"

"Mgongo, mdogo wangu."

"Mgongo huo jana ulibeba kuni."

"Ndizo zilizouumiza."

Darso alipita na sigara yake ya karafuu. "Shemeji siku hizi analima nyasi. Mbuzi wako wapi?"

"Wanakuja, Kang," alisema Painem, akimwita kaka kwa adabu.

Darso akapandikiza miche. Painem aliendelea kupiga machipukizi yake, hadi alipoona mabawa marefu yamekuwa mengi. Akaziba maji. Machipukizi yakanyauka, na wereng wakahamia kwenye kijani cha Darso.

Darso akafanya kile Painem alichojua atafanya: alipuliza dawa, akarudia, akaongeza. Buibui, ambao huwala wereng, wakaelea majini, wamekufa. Mayai ya wereng yalikuwa salama ndani ya mashina. Yalipoanguliwa hapakuwa na wa kuwala, na jaruba likaungua bila moto, duara kwa duara, mpaka likawa rangi ya mkeka mkuukuu.

Darso alimkuta ukingoni, amefunga kibunda chake.

"Ulijua, shemeji."

"Nilijua. Ardhi si imerudi kwa ndugu? Vuna basi."

Sutinah, aliyekuwa karibu, aliuliza kwa sauti ya chini, "Na kile kipande chako, Yu?"

"Aongezewe. Si anapenda vya marehemu."

Akampa Sutinah mundu wake, akafuata mfereji kuelekea barabarani. Hajarudi mpaka leo.